Uvira: Wakili wa bure anapoishia kwenye mlango wa rufaa

UVIRA – Mtu aliyehukumiwa na mahakama ya kiraia nchini Congo ana siku 10 za kukata rufaa. Aliyehukumiwa na mahakama ya kijeshi ana siku 5. Ni muda mfupi kwa yeyote yule. Kwa mfungwa asiye na pesa, aliyetetewa na wakili wa kupangiwa, muda huo unaweza kwisha kabla hajajua kama bado ana wakili.

Mawakili hao watu wa Uvira huwaita avoka wa pro deo. Wanapatikana kwa njia mbili: jaji anaweza kumteua mmoja mbele ya mshtakiwa siku ya kesi, au ofisi ya msaada wa bure ya chama cha mawakili inamtuma. Ofisi hiyo, Bureau de consultation gratuite, imewekwa na sheria ya mawakili ya tarehe 28 Septemba 1979, na kazi yake ni kuwasimamia wasio na uwezo. Katiba ya Februari 2006 imekwenda mbali zaidi. Ibara ya 19 inasema haki ya kutetewa ipo katika ngazi zote za kesi ya jinai, na ibara ya 21 inampa kila mtu haki ya kupinga hukumu.

Kwenye karatasi, basi, mfungwa ana rufaa na ana mtetezi. Sasa huyo wakili wa bure afanye nini akisoma faili na kuona kwamba rufaa ya mteja wake haina mashiko? Ushahidi umejaa, mteja alikiri mbele ya jaji, adhabu ni ile ile ya kawaida. Je, aendelee kusimama na kusema asichokiamini? Aondoke? Na akiondoka, amwambie nani?

Katika nchi nyingi swali hilo limefikishwa mbele ya majaji na likapewa jibu. Upande huu wa Ziwa Tanganyika halijapata hata nafasi ya kuulizwa, kwa sababu wakili wa bure mara nyingi hutoweka kabla ya kufika hapo.

Kesi nzito inakwenda mbali

Mfumo wenyewe unachangia. Uvira ina Tribunali ya Amani, inayosikiliza makosa ambayo adhabu yake haizidi miaka 5 ya kifungo. Ina pia Tribunali Kuu, inayojulikana zaidi kwa jina lake la Kifaransa, tribunal de grande instance, ambayo inasikiliza makosa mazito zaidi hadi yale ya adhabu ya kifo. Rufaa ya kesi ndogo inatoka Tribunali ya Amani kwenda Tribunali Kuu, bila kuondoka mjini. Rufaa ya kesi nzito inapanda Bukavu, kwenye Korti ya Rufaa ya Kivu ya Kusini.

Maana yake ni kwamba aliyeiba simu anaweza kusikilizwa tena karibu na gereza alipo, na ndugu zake wakaja kumwona akipanda kizimbani. Aliyehukumiwa miaka 20, au kifo, faili lake linapaswa kusafiri zaidi ya kilomita 100, kupitia Sange, Luvungi na Kamanyola, kisha kupanda milima ya Ngomo au kukata kupitia Rwanda.

Wakili hasafiri pamoja na faili. Baadhi ya wanaosimama na maskini mbele ya tribunali za Uvira si mawakili kamili bali ni wale wanaoitwa défenseurs judiciaires, watetezi wa mahakama. Sheria ile ile ya 1979 inawaunganisha na tribunali kuu ya mahali pao. Hapo wanaweza kutetea, na chini ya hapo pia, lakini si mbele ya Korti ya Rufaa. Mtetezi wa aina hiyo anaweza kuwa alifanya kazi nzuri mwaka mzima, akalijua faili kuliko mtu yeyote, na bado sheria yenyewe ikamsimamisha mlangoni.

Wakili kamili hana kizuizi hicho. Anaruhusiwa kupanda hadi Bukavu. Lakini alipangiwa kesi ya Uvira, na nauli ya Bukavu haimo katika mfuko wa mtu yeyote. Mashirika yanayosaidia haki, kama Avocats Sans Frontières, yamebeba sehemu kubwa ya mzigo huu mashariki mwa Congo kwa miaka mingi, na bila hayo washtakiwa wengi wasingeona wakili hata mara moja. Ila mradi una tarehe ya mwisho, na mara nyingi unahesabu kesi zilizosikilizwa, sio rufaa zilizofuata.

Tangu katikati ya Februari 2025 hali ikawa mbaya kwa namna nyingine. Bukavu iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 na serikali ya jimbo ikahamia Uvira. Kwa miezi kadhaa mji wenye Korti ya Rufaa na mji wenye wafungwa walikuwa pande mbili za mstari wa vita. Tarehe 10 Desemba mwaka huo huo waasi waliingia Uvira pia. Siku 10 za rufaa zilizoandikwa katika sheria hazikuandikwa kwa ajili ya barabara ya namna hiyo.

Kujitoa na kutoweka

Mawakili wa Congo wana neno lao la kujitoa katika kesi: déport. Wakili anayejitoa kwa utaratibu anaandika barua. Mteja anajua, mkuu wa chama cha mawakili, yaani batonie, anajua, na mahakama inajua, ili mwingine apatikane. Huko Ufaransa sheria ya mawakili ya 31 Desemba 1971 inasema wazi kwamba aliyeteuliwa hawezi kukataa kazi mpaka sababu zake zikubaliwe na batonie au na rais wa mahakama. Ni mantiki rahisi: wakili wa kulipwa ana mkataba na mteja, lakini wa kuteuliwa amewekwa na mamlaka, na ni mamlaka hiyo inayopaswa kumwachia.

Kinachompata mfungwa wa Uvira baada ya hukumu hakifanani na déport. Wakili ambaye jina lake halionekani tena kwenye faili la Bukavu hajajitoa, amekoma tu. Pengine aliisoma hukumu na kuona hakuna la kufanya, na huenda alikuwa sahihi kabisa. Pengine hakuisoma. Anayebaki gerezani hana njia ya kutofautisha hayo mawili, na majaji wa rufaa pia hawana. Ndugu wa Kimanga au Kavimvira, ambao ndio wanaomletea chakula, wanaambiwa rufaa “iko Bukavu”. Wanarudi nyumbani na jibu hilo, na wiki inayofuata wanapewa lile lile.

Haitoshi kusema kwamba Korti ya Rufaa itasikiliza tu, wakili awepo asiwepo. Ni kweli rufaa ya Congo inafungua tena kesi, ukweli wake na sheria yake. Ni kweli pia kwamba majaji wa Bukavu wanaweza kumteua mwingine. Lakini huyo mwingine anaweza kulishika faili kwa mara ya kwanza asubuhi ile ile ya kusikilizwa, akiwa hajawahi kumwona mtu anayemtetea.

Rufaa isiyo na mashiko nayo ina bei

Kuna upande mwingine ambao watetezi wa haki hawapendi kuusema kwa sauti. Wakati mwingine wakili anayemwambia mteja “usikate rufaa” anamtendea wema.

Msamaha wa rais, unaotolewa mara kwa mara kwa makundi ya wafungwa, huwahusu waliohukumiwa kwa hukumu ya mwisho. Mwenye rufaa inayosubiri hana hukumu ya mwisho. Kuachiliwa kwa masharti, ambako sheria ya Congo inakuruhusu baada ya kutumikia robo ya kifungo, nako ni kwa aliyekwisha kuhukumiwa, sio kwa anayesubiri kesi yake. Kwa mtu wa kifungo kifupi, rufaa iliyosahaulika katika kabati la karani inaweza kumfungia mlango ambao ungemtoa mapema. Na akishindwa anaongezewa gharama za kesi, ambazo asipozilipa hugeuzwa kuwa siku za ziada za kifungo.

Wakili mwaminifu, basi, hana wajibu wa kupigania kila rufaa kama ya kufa na kupona. Anayeandika nusu ukurasa wa maneno matupu ili tu aonekane amefanya kazi hamsaidii mtu. Wajibu wake ni kusoma, kuamua, na kusema alichoamua. Tatizo la Uvira liko kwenye hilo la mwisho, na mara nyingi linaanzia kwenye la kwanza.

California na Jamaica

Mfano unaotajwa sana duniani ni wa Charlie Anders, Mmarekani aliyehukumiwa California kwa kukutwa na bangi. Alitaka rufaa, akapewa wakili wa bure. Wakili huyo alisoma kumbukumbu za kesi, akazungumza naye, kisha akaandika barua kwa mahakama: hakuna cha kukatia rufaa, ila mteja wangu anataka kuandika hoja zake mwenyewe. Anders aliomba wakili mwingine, akanyimwa. Akajiandikia, akashindwa.

Mwaka 1967 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema barua ile haikutosha. Wakili anaruhusiwa kujitoa, lakini kwanza aandike kila kitu katika faili ambacho kinaweza, hata kwa mbali, kuunga mkono rufaa. Mteja apate nakala na nafasi ya kuongeza ya kwake. Kisha majaji wenyewe wasome kesi yote na kuamua kama kweli haina mashiko. Mwaka 2000 mahakama hiyo hiyo ililegeza kidogo: majimbo yanaweza kutumia njia tofauti, mradi ziwe za kumlinda maskini. Wapo mawakili Marekani wanaoona utaratibu huo ni wa ajabu, kwamba unamlazimisha mtetezi kuandika hoja dhidi ya mteja wake. Lawama hiyo ina uzito. Hata hivyo, linganisha na faili ambalo halina ukurasa wowote wa wakili.

Anders ni sheria ya Wamarekani, na hakuna jaji wa Bukavu anayefungwa nayo. Paul Kelly ni jambo jingine. Huyu alikuwa Mjamaika aliyehukumiwa kifo kwa mauaji. Katika rufaa, wakili aliyepewa aliwaambia majaji kwamba hakuna msingi wa kuipinga hukumu, na Kelly hakuwa ameambiwa kabla. Alipeleka malalamiko yake kwenye Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 1991 kamati ilisema haki yake ilivunjwa. Mfungwa hana haki ya kumchagua wakili anayelipiwa na serikali, lakini wakili huyo akishateuliwa lazima amtetee kwa kweli, na hiyo ni pamoja na kuzungumza naye na kumjulisha kama anakusudia kuiondoa rufaa au kusema mbele ya majaji kwamba haina mashiko. Mwaka 2007 kamati ililirudia jambo hilo katika Maoni ya Jumla namba 32.

Mkataba ambao kamati hiyo inausimamia ndio ambao Congo, wakati huo ikiitwa Zaire, ilijiunga nao mwaka 1976, pamoja na itifaki inayomruhusu mtu binafsi kulalamika kama alivyofanya Kelly. Na ibara ya 215 ya Katiba ya Congo inaiweka mikataba ya kimataifa juu ya sheria za nchi. Hoja ya Kelly inaweza kutamkwa mbele ya Korti ya Rufaa ya Kivu ya Kusini bila kuomba ruhusa kwa mtu yeyote. Inahitaji tu wakili wa kuitamka, na hapo tunarudi kwenye shida ile ile.

Nani anajua kama faili ni tupu?

Neno “haina mashiko” linaonekana rahisi mpaka mtu afungue faili. Mwaka 1990 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisikiliza kesi ya Mskoti aitwaye Granger, aliyefungwa kwa kusema uongo chini ya kiapo. Wanasheria walishauri kwamba rufaa yake haina matumaini, akanyimwa msaada wa kisheria. Akasimama peke yake mbele ya majaji, akisoma karatasi aliyoandikiwa, ambayo ilionekana wazi kwamba haielewi. Katikati ya kesi majaji waligundua hoja moja ngumu kiasi kwamba wakaahirisha ili waletewe kumbukumbu za ushahidi. Alishindwa rufaa hata hivyo. Lakini Strasbourg ilisema hoja ya uzito huo ilistahili wakili.

Karibu zaidi kuna Baraka. Mwezi wa pili 2011 mahakama ya kijeshi ya Kivu ya Kusini ilihamia katika mji huo wa ufukoni, kusini ya Uvira, kuwahukumu wanajeshi 11 kwa mashambulizi ya tarehe 1 Januari huko Fizi, ambako wanawake wengi walibakwa. Wanawake walijitokeza kutoa ushahidi, dunia nzima ikafuatilia, na Luteni Kanali Kibibi Mutware akahukumiwa miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Ilikuwa mara chache sana kwa afisa wa cheo hicho kufikishwa hapo, na wanawake wa Fizi walistahili siku ile.

Kesi ilichukua chini ya wiki mbili. Kama kuna kesi ambayo mtu wa mtaani angesema washtakiwa hawana la kujitetea, ni hiyo. Hata hivyo, kati ya wale 11 mmoja aliachiliwa, na mwingine kesi yake ikaelekezwa kwenye mahakama ya watoto kwa kuwa alikuwa hajafikia umri. Mambo hayo mawili yalionekana kwa sababu mtu aliangalia kila jina peke yake. Baada ya hukumu mahakama ilifunga mizigo yake na kuondoka. Rufaa dhidi yake inakwenda Mahakama Kuu ya Kijeshi, Kinshasa, upande wa pili wa nchi, na ni ndani ya siku 5.

Umri ndio mfano mzuri wa kitu ambacho wakili wa haraka hukipita. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inamtoa aliye chini ya miaka 18 katika mahakama za watu wazima, lakini katika vijiji vya Fizi na nyanda za juu za Itombwe kijana anaweza kukua bila cheti cha kuzaliwa, na umri wake ukaandikwa kwa makadirio ya polisi. Kuna na suala la lugha. Mshtakiwa alizungumza Kiswahili, Kifuliiru au Kibembe, na kumbukumbu zimeandikwa kwa Kifaransa. “Alikiri” katika ukurasa wa karani inaweza kuwa ndivyo alivyosema, au ndivyo alivyotafsiriwa. Kuna pia hesabu ya miezi aliyokaa mahabusu kabla ya hukumu, ambayo inapaswa kutolewa katika kifungo. Hakuna hata moja kati ya haya linalomfanya mtu kuwa hana hatia, lakini kila moja linaweza kubadili siku atakayotoka.

Na tangu Machi 2024 lipo jambo zito kuliko yote. Wizara ya Sheria ilitoa waraka wa kuondoa kusitishwa kwa utekelezaji wa adhabu ya kifo, hali iliyokuwapo tangu 2003. Kwa miaka 20 hukumu ya kifo Congo ilikuwa na maana ya kifungo kisicho na mwisho. Sasa aliyehukumiwa kunyongwa au kupigwa risasi, ambaye wakili wake amekaa kimya kuhusu rufaa, ana sababu mpya ya kutaka kujua ukimya huo unamaanisha nini.

Kinachokosekana hakihitaji sheria mpya wala bajeti ya Kinshasa. Batonie wa Kivu ya Kusini anaweza kuagiza kesho kwamba kila aliyeteuliwa katika kesi ya jinai, akiwemo wakili kijana aliye katika mafunzo, aandike barua moja kabla ya siku ya kumi: nimelisoma faili, nimezungumza na mteja, rufaa imekatwa au haikukatwa kwa sababu hizi. Watetezi wa mahakama wanaweza kuagizwa vivyo hivyo na wale wanaowasimamia, wakionyesha hoja ambazo wao hawaruhusiwi kuzipeleka Bukavu. Nakala moja iingie katika faili, ili hata faili likichelewa mwaka mzima njiani, jaji wa rufaa aone mtu alifikiri nini. Nyingine ibaki kwa batonie. Ya tatu iende gerezani, na hiyo iandikwe kwa Kiswahili.